Kengele Kwenye Mpasuo

Reli yenyewe sikuwahi kuiona. Nilipohamia ukingoni mwa msitu, upande wa Londiani, miaka michache baada ya Uhuru, vyuma vilikuwa vimekwisha kung'olewa na kupakiwa kwenye malori. Mzungu wa kinu cha mbao, aliyeijenga ili kuteremsha magogo, alikuwa ameuza ng'ombe wake na kwenda zake. Lililobaki ni tuta. Lilianzia juu kwenye visiki vya mitarakwa, likazunguka vilima bila haraka, likapita katikati ya mashamba ya chai, na kuishia chini kwenye barabara ya lami iendayo Kericho, karibu na kiwanda cha chai nilichofanyia kazi.

Mataruma, yale magogo mazito yaliyolaliwa na vyuma, watu walijigawia wenyewe bila kuitisha mkutano. Mengine yalikuwa nguzo za malango, mengine yakazungushiwa boma la ng'ombe. Mengine yalipasuliwa yakawa mabenchi ya kanisa letu, na ulikuwa ukiyakalia na suruali nyeupe siku ya jua kali, unarudi nyumbani na alama nyeusi ya lami makalioni. Mchungaji alihubiri habari za usafi wa moyo na sisi tukawaza usafi wa suruali.

Mtu wa nchi tambarare hawezi kuelewa kwa nini tuliipenda njia ile. Barabara za kwetu hupanda na kushuka kana kwamba zilichorwa na mbuzi. Ukiwa na baiskeli, nusu ya safari unaiendesha na nusu unaisukuma, na mvua ikinyesha, nayo hunyesha karibu kila alasiri, udongo mwekundu unajaza madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Lakini treni haipendi mlima. Aliyelipima tuta lile alikuwa ameondoa kila mlima njiani, akajaza mabonde na kupasua vilima, kwa hiyo uliweza kushuka kutoka msituni hadi kiwandani bila kukanyaga pedali ila hapa na pale, kokoto zikirukaruka chini ya matairi, chai ikiwa imetandaa pande zote mbili na wachumaji wakionekana vichwa tu.

Nasema hayo kwa kirefu kwa sababu nataka nisifie kitu kabla ya kukililia. Nikiulizwa ni nini ninachojutia katika ujana wangu, watu hutarajia nitaje shamba ambalo sikununua Sotik wakati lilikuwa rahisi. Shamba lilinipita na nimelisahau. Ninachojutia kilitokea kwenye njia ile, mahali ambapo tuta lilikata kilima katikati, na kilikuwa kitu cha kugeuza shingo tu.

Mke wangu nilimpata kiwandani, alikokuwa akichambua vijiti kwenye chai iliyokauka. Sote ni Wakisii, watoto wa watu waliofuata kazi ya chai wakasahau kurudi. Mama yake alikuwa mjane wa mkata miti. Aliishi juu kule msituni, ng'ambo ya kijito kutoka kwenye nyumba tuliyojenga baada ya harusi, na alilima viazi na kabeji kati ya miche ya serikali, kama watu wa msitu walivyoruhusiwa.

Sasa, kwetu kuna jambo linaloitwa ensoni. Ni haya na heshima zikiwa pamoja. Mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani uso kwa uso. Mkikutana njiani, mmoja hutoka njiani na kugeuka, mwingine hupita, basi. Si chuki. Vijana wa siku hizi wakisikia hucheka na kusema hao wazee walikuwa wakigombana, na hapo ndipo ninapokasirika. Unageuka kwa sababu yule ni mkubwa kwako kuliko unavyoweza kuonyesha kwa mkono. Nilifundishwa hivyo na nililiamini. Ila hakuna aliyenifundisha kwamba unaweza kumpenda mtu kwa njia hiyo na bado ukabaki na njaa ya kumwona.

Siku ya harusi alikaa nyuma kabisa kanisani, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Baada ya hapo nilimwona kwa mbali tu, kama unavyomwona mtu yeyote ng'ambo ya bonde: mwendo, mzigo, viatu. Alikuwa akivaa mabuti ya mpira ya marehemu mume wake, yaliyomzidi, na kwenye kokoto yalitoa mlio ambao ningeutambua hata leo.

Taabu yetu ilikuwa zamu. Mimi nilipewa zamu ya usiku, upande wa kunyausha majani. Asubuhi nilipokuwa nikirudi juu, yeye alikuwa akiteremka na kikapu cha kabeji kwenda sokoni kando ya lami. Alasiri nilipokuwa nikishuka kazini, yeye alikuwa akipanda kurudi kwake. Kila siku ya kazi tulikuwa tukielekeana. Kwingine kote haikuwa shida, maana tuta ni wazi, mnaonana mapema, mmoja anaingia kwenye chai na kuipa njia mgongo. Ila pale kwenye kilima kilichokatwa, tulipopaita Mpasuo, kuta zilikuwa ndefu kuliko mtu, upana wake wa kutosha kitreni kidogo tu, na mitaro ya pande zote mbili imejaa upupu.

Mara ya kwanza tulikutana katikati. Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Nilisikia mabuti, nikainua macho, nikaona kikapu kinatokea kwenye weupe. Yeye aligeukia ukuta papo hapo, kikapu mkononi. Mimi, badala ya kufanya vilevile kama mtu mwenye akili, niliruka na baiskeli yangu nzima ndani ya mtaro. Alipita. Nilitoka kwenye ule upupu nikijikuna, nikalala nikijikuna, na jioni mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake akiwa hajiwezi kwa kicheko.

"Mama anauliza," aliniambia, "hiyo baiskeli yako walikuuzia bila kengele?"

Kengele ilikuwepo. Sikuwa nimewahi kuona haja ya kuipiga, kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa na watu wachache na ng'ombe wengi, na ng'ombe hawajali kengele. Tangu siku hiyo nilikuwa nikifika kwenye mdomo wa Mpasuo nasimama, napiga, nasikiliza. Kama alikuwa ndani, alijibu kwa kikohozi kimoja kikubwa cha mtu mzima, nami nikajitenga pembeni na kutazama chai mpaka mabuti yapite. Kama hakuna kikohozi, niliingia nikiwa napiga kengele mfululizo hadi upande wa pili, ili kama anakuja asikie na angojee nje.

Mzee mmoja Mkipsigis aliyelisha ng'ombe wake kwenye nyasi za tuta alivumilia jambo hilo siku kadhaa, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Wewe kijana ya majani," aliniita, "unapigia nani kengele kila siku? Treni ilienda kitambo."

"Napigia mama mkwe, mzee."

Uso wa utani ukamtoka, akainua fimbo yake kidogo kama anayeniruhusu kupita.

"Hapo sawa," alisema. "Piga kabisa."

Kwenye mdomo wa chini wa Mpasuo lilikuwa limebaki taruma moja, limezama ardhini, limewashinda wang'oaji. Asubuhi moja, nikiwa nimeipa njia mgongo kama kawaida, nilisikia mabuti yakitoka, yakasimama, kisha yakaendelea. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kuzunguka kona. Juu ya taruma palikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, vimefungwa kwenye jani la mgomba, vya moto bado. Nilikuwa natoka kazini usiku kucha bila kutia kitu tumboni. Nilivila pale pale, nimesimama, na kuwa na haya kidogo kama mtoto aliyebembelezwa mbele za watu.

Ikawa desturi. Asubuhi yeye aliacha viazi, au hindi la kuchoma, au maharagwe kwenye kikopo. Alasiri mimi nilikirudisha kikopo, na kila tulipopewa majani yetu ya chai kiwandani, nilimwachia fungu lake juu ya taruma. Hatukuwahi kusema neno. Habari zilipita kwa mke wangu. Mama anasema umekonda, wakuondoe kwenye usiku. Mama anasema unanuka chai mpaka ukishapita nusu ya njia bado anakusikia. Mama anasema breki zako zinalia, utakuja kujiua. Nilikwenda kubadilisha mipira ya breki siku hiyo hiyo, kwa maana mtu aliyekuwa hajaniona uso alikuwa akinisikiliza vizuri kuliko wakubwa wangu wote kazini.

Mgongo wake niliujua. Nilikuwa naruhusiwa mgongo, akiwa mbali. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, kwa sababu ya mizigo, na alikuwa akifika kwenye kona ya daraja dogo la mawe anabadilisha kikapu mkono bila kusimama. Mke wangu alikuwa na mwendo ule ule. Hata sasa, akiwa mbele yangu njiani, mimi hupunguza mwendo ili abaki mbele.

Tulipopata mtoto wa kwanza, hamu ikanizidi. Mchungaji aliwahi kutuambia kwamba mambo hayo ni ya zamani, Mkristo amsalimu mama mkwe wake kwa mkono na amshukuru Mungu. Ni rahisi kwa mchungaji, mama mkwe wake alikuwa mbali. Hata hivyo nilimtuma mke wangu akaulize kama kungekuwa na njia, tukae mara moja tu, tule chakula mezani, nimshukuru kwa kinywa changu. Jibu lilikuja kesho yake.

"Amecheka," mke wangu alisema. "Anasema haraka ya nini. Akizeeka mambo haya yatalegea yenyewe, na hapo atakusalimu mpaka uchoke."

Nilikubali. Hilo ndilo tulilokuwa tukilingojea, wote watatu, na mimi zaidi: azeeke. Ni kitu cha ajabu kumtakia mtu unayempenda, lakini nilimtakia uzee kwa moyo wangu wote, uzee wa meno machache na kiti cha jua, nami nimekaa mbele yake.

Ugonjwa ulikuja wakati wa mvua za masika. Alianza na kichomi, akasema ni baridi, akaendelea kushuka na kabeji. Siku moja sikusikia kikohozi wala mabuti, na kesho yake hivyo hivyo. Mke wangu alikwenda kulala kwake. Usiku huo ilinyesha mvua ya mawe, ile ya Kericho inayotoboa majani ya chai yakabaki kama nyavu, na asubuhi mke wangu alikuja akikimbia kuniambia mama hapumui sawasawa, inabidi afike hospitali. Barabara ya udongo ilikuwa imekatika kwenye kijito. Wanaume wa kijiji cha msitu walikuwa wameshaondoka kwenda kazini, na machela haibebeki bila mabega ya wanaume. Palikuwa na njia moja iliyopitika, na chombo kimoja cha kuipita, na mwenye chombo ni mimi.

Nilisimama nje ya nyumba yake nimeshika baiskeli na kutazama mlima. Ndani nilisikia wanawake wakibishana kwa sauti ya chini. Alikuwa akikataa. Alisema afadhali afe pale kuliko mkwe wake amshike kama gunia. Mwishowe bibi mmoja jirani akapata shauri: afunikwe blanketi kichwa na mwili, akalishwe kwenye keria, binti yake amshikilie kwa nyuma, nami nishike usukani na kutembea mbele bila kugeuka. Kwa hivyo hakuna ambaye angemwona mwenzake, na hakuna ambaye angemgusa mwenzake. Alikubali hilo. Nilisikia baiskeli ikishuka kwa uzito wake, uzito mdogo mno, nikaanza kwenda.

Namshukuru yule Mzungu kwa kuchukia milima. Kwenye barabara ya kawaida tungemwangusha. Kwenye tuta baiskeli ilikwenda yenyewe taratibu, mimi kazi yangu ikawa kuizuia tu. Mawe ya mvua yalikuwa bado yamelundikana meupe kwenye kivuli cha chai. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu, fupi fupi, na mke wangu akimwambia, tumekaribia mama, tumekaribia.

Tulipofika kwenye mdomo wa juu wa Mpasuo nilisimama bila kujua, kwa mazoea. Kutoka ndani ya blanketi ikatoka sauti.

"Mbona hupigi?"

Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kuniambia. Sauti yake ilikuwa nene kuliko nilivyodhani.

"Mama, hakuna mtu huko," mke wangu alisema.

"Apige."

Nikapiga. Ndani ya zile kuta kengele ililia zaidi ya ilivyo, ikaenda, ikarudi. Nikasikia akicheka kidogo, kicheko kikageuka kukohoa. Tukaingia. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye mitaro, na upupu umelala kwa mawe. Tulikuwa karibu katikati, pale pale niliporukia mtaroni, alipoanza kusema tena, kwa Kikisii, polepole, bila haya yoyote.

"Mwanangu. Geuka nikuone."

Sikugeuka.

Nimejieleza mara nyingi, kwa mke wangu na kwangu mwenyewe, na maelezo yote ni ya kweli. Nilikuwa nimefundishwa. Binti yake alikuwa pale. Mikono yangu ilikuwa kwenye breki. Lakini lililonishika shingo si hayo. Alikuwa amesema akizeeka ndipo. Hakuwa amezeeka. Mtu kama yeye hawezi kuniambia nigeuke kama anatarajia kupanda tena ile njia na kikapu chake, na mimi nilijua kwamba nikigeuza kichwa, nimekubali naye kwamba harudi. Kwa hiyo niliendelea kutazama mbele, kwenye mwanga wa mdomo wa chini, na nikasema, kwa sauti ya mtu jasiri, "Utaniona ukipona, mama."

Tulitoka, tukapita taruma letu likiwa halina kitu juu yake, tukafika kwenye lami. Lori la majani lilisimama. Wakampandisha mbele kwa dereva, mke wangu pamoja naye, nami nikawa nimegeukia chai kama siku zote, mpaka niliposikia gia zikiingia.

Alifariki Kericho wiki hiyo hiyo. Kwenye mazishi nilisimama mbali, panaposimama mkwe. Picha yake haikuwepo hata moja. Wakati ule nani angempiga picha mjane wa msituni, na ya nini.

Niliomba zamu ya mchana nikapewa, bila kutoa sababu wala wao kuniuliza. Kwa muda niliendelea kupiga kengele kwenye Mpasuo, na yule mzee wa ng'ombe, aliyekuwa na utani kwa kila mtu, alikuwa akitazama pembeni. Baadaye shamba la chai lilipanuka, tuta likasawazishwa vipande vipande na kupandwa miche, Mpasuo ukatupiwa udongo na mabaki ya ujenzi. Miaka ya sabini ilipokuwa inakwisha hungeweza tena kupita na baiskeli kutoka juu hadi chini. Watu walisema ni maendeleo. Labda. Mimi niliona kilima kinafungwa mdomo.

Siku hizi mkwe wetu, mume wa binti yetu, huja na gari lake. Huruka nje, humkumbatia mke wangu mbele ya kila mtu na kumwita mami, na mke wangu hucheka, na wao hula sahani moja wakibishania kipande cha kuku. Wazee wengine hunung'unika. Mimi hukaa kwenye kiti changu nikiwatazama, nikiwa nafurahi na nikiwa naumia, na sijui kipi kimetangulia.

Ni baada ya ziara moja kama hiyo, gari likiwa limeshaondoka na sisi tumebaki tukipukuchua mahindi, ndipo mke wangu alipoamua kuniambia kitu alichokuwa amekiweka miaka yote.

"Siku ile kwenye Mpasuo," alisema, "mama alikuwa amejifunua."

Niliacha mahindi.

"Alipokuambia ugeuke, alikuwa ameshalisukuma blanketi nyuma. Kichwa chote. Ulipokataa, hakulirudisha. Alikaa hivyo akikutazama kisogo mpaka tukakaribia kutoka. Alipoona mwanga, akalivuta, akajifunika mwenyewe."

Nilimwuliza kwa nini hakuniita, hakunivuta hata shati. Alichukua hindi lingine, akalizungusha mkononi bila kulipukuchua.

"Nilitaka," alisema. "Mama alinizuia. Aliniambia, mwache, amelelewa vizuri."

Mpaka leo sijui nifanye nini na sifa hiyo.